Wasimamizi Wakuu Kumi na Watatu

Tovuti ya idara ya maji ilikuwa na kurasa mia nne na wasimamizi wakuu kumi na watatu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mhasibu kaongeza kalenda, mkuu wa magari kaongeza kalenda nyingine, na tangu Jumatatu ukurasa wa ratiba ya mgao wa maji ulifunguka mweupe pe.

Fundi wa tovuti, mama wa watoto wawili, mkataba wake ulikuwa umekwisha.

"Ukurasa ukirudi, natia sahihi mkataba mpya," mkurugenzi alimwambia.

Asubuhi hiyo akahifadhi nakala ya tovuti nzima, akazima kalenda moja baada ya nyingine, na ukurasa ukarudi. Kisha, ili balaa lisijirudie, akawashusha wakubwa kumi na mmoja wawe wahariri. Wakabaki wasimamizi wawili, yeye na mkurugenzi.

Lo! Alichokoza nyuki.

"Mimi, mkuu wa magari, niitwe mhariri?" bwana mkubwa alifoka. "Kwani nauza magazeti?"

Kati ya wote kumi na mmoja, hakuna aliyeuliza kuhusu maji. Mkurugenzi akauchana mkataba mpya. "Binti, umewavua vyeo watu wazima. Nenda nyumbani."

Akaenda, machozi yakimlengalenga. Mkurugenzi akaketi kumfuta kwenye mtambo wa tovuti kwa mkono wake mwenyewe. Mtambo, kwa adabu zote, ukamuuliza: kurasa za mtumiaji huyu apewe mtu mwingine, au zifutwe?

"Zifutwe! Hatutaki hata unyayo wake humu."

Masikini, kurasa karibu zote alikuwa ameziandika fundi. Ikabaki moja tu, yenye picha ya mkurugenzi aliyoipandisha mwenyewe, ikiwa imelala ubavu.

Simu ilimkuta fundi jikoni, akiwaza atawaambia nini wanawe.

"Mwanangu," sauti ya mkurugenzi ilikuwa laini mno, "ile nakala unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Basi rudi. Mkataba mpya nimeshautia sahihi, miaka mitatu."

Fundi akafumba macho, akashusha pumzi. Kodi ya nyumba, ada za shule, vyote vilimpita kichwani. Hata hivyo hakukubali upesi.

"Nitarudi. Ila safari hii wote mtakuwa wasomaji tu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mzee."

Fundi alisikia kiti kikilia upande wa pili.

"Sawa," mkurugenzi alisema hatimaye. "Lakini mimi niandike msomaji mkuu."