Kamasi za Mke Mwenza

Binti yake alimwita Waziri wa Sabuni. Bibi alichemsha vijiko, akachemsha midoli, akaweka beseni mlangoni ili kila mgeni anawe, hata fundi aliyekuja kuziba beseni lenyewe lilipovuja. Ndani ya nyumba alivaa barakoa kutwa nzima. Mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu alimjua kwa macho tu.

"Mama, daktari alisema tumwache aishi."

"Kwani nimemzuia? Aishi akiwa msafi."

Utani huo binti hakuuvusha mpaka. Wote wawili walijua sabuni ilianzia wapi. Mjukuu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa bila kinga mwilini, ugonjwa waliorithishana ndani ya ukoo bila kujua. Alipofika miezi saba, mafua ya kawaida kabisa, ambayo wewe ungeyamaliza kwa leso, yakamchukua. Wiki ile mwenye mafua nyumbani alikuwa bibi. Hakuna aliyemlaumu ila yeye mwenyewe.

Msichana alipozaliwa, walimpima mapema wakakuta naye ni vile vile. Madaktari wakatoa chembe za uboho wake mwenyewe, wakazitia jeni isiyo na kasoro, wakamrudishia. Ikafuata miezi ya chumba cha vioo. Bibi, fundi cherehani wa miaka arobaini, alimpima mjukuu kwa macho kutoka upande wa pili wa kioo, akamshonea gauni.

"Hili gauni au hema?" binti aliuliza.

"Mke mwenzangu atakua. Usitutie kiwingu."

Basi walikuwa wametimiza miezi sita nyumbani pale bibi alipopiga chafya. Moja tu, ndani ya barakoa. Keshokutwa yake mtoto akaamka na homa, pua zinatiririka.

Bibi alikaa sakafuni jikoni. "Nimeua wa pili," alisema, na binti akambeba mtoto, wakatoka.

Hospitali waliwalaza. Daktari alitoa damu, akarudi na karatasi. "Askari wake wa kinga wapo, na wameingia kazini. Sasa tuwaache wafanye kazi."

Siku tatu bibi hakula kitu cha maana. Ya nne asubuhi homa ilikuwa imeshuka, na mtoto amemkasirikia muuguzi kwa kumcheleweshea uji.

"Mafua ameyamaliza mwenyewe," daktari alisema.

Bibi akavua barakoa. Mtoto aliukodolea macho ule mdomo mgeni, akaugusa, akauvuta kidogo kuhakikisha. Alipouridhia, akaegemeza uso begani kwa bibi yake na kujipangusa kamasi zote, kushoto na kulia.

Binti alicheka huku analia. "Haya, Waziri, lete hilo gauni lako nikakuchemshie."

"Liguse uone," alisema bibi.