Machozi ya Mama Eudosia

Kwetu huku, vilimani juu ya mji wa Cuenca, aliyeongoza rozari alikuwa Mama Eudosia Guamán, na kilichompa jina hakikuwa sauti bali machozi. Akifika kwenye tendo la Yesu kupigwa mijeledi, maneno yalimkwama, mashavu yakalowa, na wanawake wa viti vya mbele wakaanza kuvuta kamasi. Waliofiwa walimfuata kutoka mbali aje kuwaombea wafu wao. Yeye alisema ni neema ya Mungu tu, ila alisema mara nyingi, na kwa sauti ya kusikika.

Kwaresima moja machozi yakakata.

Alidhani ni uchovu. Akafunga. Akapiga magoti juu ya punje za mahindi. Akahamia upande wa pili wa kanisa, karibu na sanamu ya Mama wa Mateso, akamkodolea macho mpaka shingo ikamuuma. Ndani mwake palikuwa pakavu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Akamwendea Padre Nicanor, naye akamuuliza, kwa upole kabisa, kama alichokosa ni Mungu au ni kule kulia. Mama Eudosia aliondoka amenuna, hata kahawa hakumaliza.

Ijumaa Kuu akaja na leso aliyoikunja vizuri. Kwenye mijeledi akaipeleka machoni, na machozi yakaja kweli. Viti vya mbele vikalia naye. Lakini aliyepiga magoti ubavuni mwake alikuwa Hermelinda, mjane wa kaka yake, mwanamke ambaye kila rozari husinzia. Siku hiyo hakusinzia.

“Wifi,” akamnong'oneza, “unasali au unaunga supu?”

“Nyamaza, Hermelinda.”

“Nanyamaza. Ila ukimaliza na hicho kitunguu nipe, nyumbani sina.”

Njiani kurudi, Mama Eudosia alitembea mbele bila kugeuka. Walipofika kwenye daraja akasimama, akalia kwa aibu, bila leso.

“Hayo sasa ni yako mwenyewe,” Hermelinda akasema, akakaa kwenye ukingo kumngoja.

“Wewe wifi, ukisali unasikia nini?”

“Magoti.”

“Sitanii.”

“Wala mimi. Magoti, na baridi ya mlangoni. Utamu huo mnaousema sijauonja tangu nibatizwe. Nilidhani mmepewa ninyi wenye sauti.”

“Sasa unakuja kufanya nini?”

Hermelinda akafikiri. “Kaka yako alipokuwa kitandani hanitambui, si nilikuwa nakaa naye? Alikuwa hasemi kitu. Na mimi mara nyingine nilisinzia palepale. Hukuniuliza nafanya nini.”

Mama Eudosia akaikumbuka miaka hiyo. Kaka yake alikuwa amekaa hivyo miaka miwili, na yeye, dada mtu, alikuwa akipita Jumapili, analia vizuri mlangoni, kisha anakwenda zake.

Mei, mwezi wa Maria, ilipoanza, Mama Eudosia akasema Hermelinda ndiye atakayeongoza rozari. Hermelinda akakataa, akasukumwa, akakubali kwa manung'uniko. Mama Eudosia akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, penye upepo, kati ya wazee wanaokohoa. Ndani mwake hakusikia chochote. Alipojaribu kujisifu moyoni kwa unyenyekevu wa kukaa nyuma, akajigundua, akacheka peke yake, na mzee aliyekaa jirani akamtazama vibaya.

Kwenye tendo la nne kiongozi akanyamaza. Watu wakasubiri. Kichwa cha Hermelinda kilikuwa kimeinama kifuani, naye akikoroma taratibu.

Kutoka nyuma Mama Eudosia akapokea: “Salamu Maria, umejaa neema.” Sauti yake ilikuwa kavu, ya kawaida, kama ya mtu anayeita watoto waje kula. Kanisa zima likaitikia. Akaendelea mpaka mwisho, polepole, asije akamwamsha wifi yake.