Vijiko Vitatu vya Rangi Nyeusi

Kilichomuudhi Fundi kuliko vyote ni miguu. Si yake, yake ililala tu kitandani kama mzigo wa mtu mwingine tangu alipoanguka akaumia uti wa mgongo. Ni miguu ya Mshika-ngazi, iliyoingia chumbani kila Jumamosi ikiwa na matone ya rangi hadi kwenye kucha.

Miaka kumi na moja Fundi alipaka rangi nyumba za watu, yule akamshikia ngazi. Asubuhi moja mwenzake akachelewa, Fundi akakosa subira, akapanda peke yake. Basi. Sasa anayepanda ni Mshika-ngazi, na wateja wanamwita fundi. Fundi mwenyewe hataki pazia lifunguliwe, hanyoi ndevu, chakula anakidonoa tu ili mkewe asinune. Kulia angependa, machozi hayaji.

Jumamosi hiyo alimsikia mkewe akicheka sebuleni na mgeni, kicheko cha kutoka tumboni ambacho yeye hajakisikia miezi saba. Wivu ukamshika.

"Shikamoo, kaka," Mshika-ngazi alisema, akaketi. "Nina shida. Ukuta wa daktari wa meno ulipasuka, nimeziba. Anataka kijani kilekile ulichomchanganyia."

Fundi hakuwahi kuandika michanganyiko yake. Alikadiria kwa macho, akajipaka kidole gumba, akangoja ikauke, maana rangi mbichi ni mwongo. Hiyo ya daktari aliikumbuka vizuri: nyeupe, kijani, na njano kijiko kimoja.

"Tia nyeusi," alisema. "Vijiko vitatu."

"Nyeusi?"

"Si wewe ndiye fundi siku hizi? Tia."

Wiki nzima roho yake ilikuwa kwatu. Hata alikula akamaliza sahani. Mkewe, maskini, akadhani dawa zimeanza kufanya kazi.

Jumamosi iliyofuata Mshika-ngazi alikuja na ndoo na makopo ya rangi, na sebuleni hakucheka mtu. Daktari alikuwa amemfokea mbele ya wagonjwa. Kiraka kile kilionekana kama ukuta umeota ukungu.

"Nikamwambia nimekosea mimi," alisema.

"Kwani hukuona nyeusi itaharibu?"

"Niliona. Hata kipofu angeona."

"Sasa mbona ukatia?"

Mshika-ngazi aliinamia ndoo yake. "Kaka, miaka yote ukisema shika, nashika. Siku moja tu sikuwepo. Juzi ukaniambia tia, nikasema acha nitie."

Fundi alilia. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, mkewe akaja mbio akaishia mlangoni.

"Fungua pazia," alimwambia mkewe alipoweza kusema. "Nipandisheni kwenye kiti."

Akapakata ndoo, akakoroga upya nyeupe na kijani. Njano kijiko kimoja. Akajipaka kidole gumba, wakangoja wote watatu. Rangi ilimchuruzika pajani hadi gotini asijue. Mshika-ngazi akaifuta kwa kitambaa.

"Ndiyo hii," alisema Fundi.

Mshika-ngazi akabeba ndoo, akainuka mara moja, hivihivi tu, bila hata kufikiri. Fundi aliitazama ile miguu hadi mlangoni, na wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata chembe.

"Jumatatu uje unichukue," alimwambia. "Nataka kuuona huo ukuta. Na usichelewe."

Mshika-ngazi aligeuka, mkono kwenye kitasa.

"Sichelewi, kaka."