Simbi Kwenye Sketi ya Monika

Nilikuwa nafua sare za binti yangu Monika nikakuta simbi kwenye mfuko wa sketi. Nikaiacha ndoo palepale. Kwetu simbi zina mwenyewe, naye ni mama mkwe wangu Kabula, mganga anayezitupa chini na kukwambia nani kakuroga. Ameshasema, tena mbele ya padri, kwamba uganga wake hautazikwa naye. Na mjukuu wa kike anaye mmoja tu. Watu husema mchawi mpe mwana amlee. Mimi sijafika huko.

Sikumwuliza mtoto, maana aliyefundwa kuficha ataficha. Nikairudisha mfukoni, nikaenda shuleni na povu mikononi.

Mwalimu Klementina alicheka, na hilo halikunipendeza. Akasema likizo alikwenda Tanga, akawaletea darasa la tatu simbi, kila mtoto moja, awafundishie Bahari ya Hindi. Wengi wao maji makubwa wanayoyajua ni lambo la ng'ombe; bahari ataieleza kwa chaki? Eti simbi ni nyumba ya konokono wa baharini. Nikamshukuru kwa mdomo tu. Mganga anayetaka mrithi hashindwi kumtumia mwalimu.

Nilipofika nyumbani, bibi na mjukuu walikuwa wameketi uani, ile simbi katikati yao. Nikajua nimechelewa. Nikajibanza nyuma ya magunia ya pamba nisikilize.

Kumbe aliyekuwa anafundisha ni Monika. Alieleza chumvi, mawimbi, maji ambayo ng'ambo yake haionekani, na konokono mwenyewe. Mama mkwe amezishika simbi tangu ujana wake, alizirithi kwa bibi yake, na hakuna aliyewahi kumwambia zinatoka wapi. Akaigeuzageuza ile moja kiganjani, akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia habari za kwao.

"Wewe umeiona hiyo bahari?"

"Bado, bibi. Nikimaliza shule nitakwenda. Nitakaa hukohuko."

Kabula aliirudisha ile simbi kiganjani mwa Monika. Kisha akageuka kwenye magunia. Alijua muda wote kwamba nipo pale.

"Umesikia, mama Monika? Na wewe ulidhani mimi ndiye nitakayekuchukulia mtoto."

Nilibaki nyuma ya pamba, machozi yananitoka, na hasira sina pa kuipeleka. Mama mkwe ningepambana naye. Bahari ningeianzia wapi?