Birika la Mama Ngalula

Mwaka uliofuata baada ya askari kupora mji, noti za Zaire zilioza mkononi kama mboga. Asubuhi zilitosha mkate, jioni hazikufika hata nusu yake. Mume wangu Sumaili alikuwa fundi wa saa. Wateja walimletea mafungu ya noti yaliyofungwa kwa mpira, naye alichukia hata kuyagusa. Wenzake walikimbilia dola, wengine walinunua sabuni kwa katoni. Yeye alinunua vitu vya Waingereza.

Ilianza na kikombe kimoja. Wazungu wa mtaa wa Golf walikuwa wanaondoka, na wapishi wao waliuza vile walivyoachiwa. Sumaili akarudi nyumbani kwetu Makomeno na kikombe chenye picha ya Malkia, ile ya siku aliyovishwa taji.

"Iko na ufa," nikamwambia.

"Ufa ni nini? Angalia hii sura, Mounira. Karibu miaka makumi ine, hakuna muntu anamutosha pa kiti. Noti yetu, kila mwezi banaongeza zero."

Marehemu baba yake alikuwa amemfundisha kwamba kuna Wazungu wanaokusanya vitu vya zamani na hawachoki kuvilipia. Mmoja wao, mzee wa Kiingereza, alikuwa bado na duka kule Ndola, ng'ambo ya mpaka. Basi jikoni kwangu kukajaa vikombe vya wafalme, vijiko, mikebe ya biskuti, sahani zenye picha za farasi. Nilinung'unika, halafu nikazoea, na nisiseme uongo, mwishowe nikaipenda kazi ile. Nilijifunza kupindua kitu na kutafuta alama chini yake. Katika kupunguza bei nilimshinda Sumaili, maana yeye akitazamwa usoni huona haya.

Kisha siasa ikaingia mitaani. Katika mikutano wakubwa walisema Wakasai ndio wametumaliza, warudi mkoani kwao. Watu hao walizaliwa hapa, na wengine hata baba zao walizaliwa hapa. Vijana wa chama wakaanza kupita na majina kwenye karatasi, na nyumba iliyotajwa haikulala na wenyewe.

Mama Ngalula alikuwa Mkasai. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, mjane wa dereva wa treni, mkunga. Watoto wangu wote watatu walitokea mikononi mwake. Bahati, wa kwanza, alinisumbua siku mbili, na siku hizo mbili mama yule hakwenda kwake hata kuoga.

Alikuja kwetu mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kitenge. Alikaa, akakifungua, akaweka mezani birika la fedha, limeng'arishwa vizuri. Mhandisi mmoja Mwingereza alimpa mume wake alipokuwa anarudi Ulaya.

"Mama Bahati," akaniambia, "banasikia munanunua bintu ya Bangereza. Banatupatia mpaka kesho. Nipe dola makumi munane, nipate chakula ya njia na nafasi mu wago ya treni."

Sumaili alilishika, akalipima kwa mkono, akanitazama. Alitaka kusema ndiyo, nililiona hilo. Mimi ndiye niliyesema.

"Mama, kila muntu iko anauzisha. Sisi hatuna makuta, feza iliisha. Kumi na tano."

Hakukasirika. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama siku zile za uchungu, akingoja nimalize kupiga kelele.

"Makumi tano, mutoto wangu."

"Makumi mbili. Na ni kwa sababu ni weye."

Alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kitenge kile kile. Kisha akauliza jambo jingine, kwa sauti ndogo. Treni haikuwa na siku. Je, angeweza kulala kwetu siku mbili, tatu, katika chumba cha nyuma, mpaka ijulikane inaondoka lini?

Hapo Sumaili ndiye aliyejibu, macho chini. "Mama, bale bijana batakuona. Batatuunguzia nyumba. Niko na batoto."

"Ni kweli," akasema Mama Ngalula. "Uko na batoto. Minabajua."

Akaondoka. Kesho yake vijana walikuja kwake na karatasi yao, wakakuta mlango wazi na sakafu imefagiliwa.

Mwezi na nusu ulipita kabla Sumaili hajapata gari la kumvusha mpaka wa Kasumbalesa na magunia yake. Alikaa Ndola siku tatu. Aliporudi aliketi kitandani bila kuvua viatu, akanieleza. Yule mzee alipanga vikombe vyote kwenye kaunta na kucheka, bila ubaya. Vikombe vya kutawazwa kwa Malkia, alisema, vilitengenezwa kwa mamilioni, kila nyumba Uingereza ilikuwa nacho kimoja, na chenye ufa hawakipokei hata bure. Vijiko vilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu. Kwa vyote pamoja alitoa dola kumi na moja.

Kisha akachukua birika la Mama Ngalula. Akavaa kioo chake cha jicho, akapindua chini, akaita mke wake aje aone. Palikuwa na alama ya simba mdogo anayetembea na herufi ya mwaka. Fedha tupu, ya London, miaka mia mbili. Alitoa dola mia sita, papo hapo.

Sumaili aliziweka juu ya shuka kati yetu. Nilidhani nitafurahi.

"Nusu iko yake," nikasema.

"Nusu," akakubali upesi, kama mtu aliyekuwa anaogopa nisiseme.

Kesho yake asubuhi tulikwenda stesheni kumtafuta. Nilikuwa nimesikia habari za mahali pale, lakini sikuwa nimefika. Watu walikuwa wanaishi pale chini ya maturubai, kati ya reli, na magodoro yao na majiko yao, wakingoja treni iliyokuja inapotaka. Harufu ilinifanya nizibe pua kwa mtandio, halafu nikaona aibu nikautoa. Tuliuliza, tukauliza, mpaka mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni akainuka. Jina lake Victorine.

"Mama Ngalula accoucheuse? Alizalisha bamama saba hapa chini. Huyu wangu ni wa saba." Akamgeuza mtoto kidogo tumwone. "Kisha ugonjwa ya kuharisha ikamukamata. Siku mbili tu. Tulimuzika siku ya jeudi, juma iliyopita."

Sumaili alikaa chini kwenye reli.

"Muko ba famille?" Victorine akatuuliza.

"Majirani," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Akasogea, akanipisha nafasi kwenye mkeka wake. "Basi ni nyinyi! Alituambia. Alisema majirani yake ba Makomeno ni bantu bazuri, balimununulia kitu hata bao benyewe habana makuta, ju apate kusafiri. Ile dola yenu, alinunua nayo dawa na sabuni ya kuzalishia."

Sikuweza kukaa kwenye mkeka ule. Nilitoa bahasha yenye dola mia tatu, nikaiweka chini ya nguo za mtoto zilizokuwa mkekani, nikasema ni ya safari. Victorine alipoelewa ni nini alilia, akanishika mikono yote miwili, akaomba Mungu aibariki nyumba yetu. Sikumzuia. Nilingoja amalize, kisha nikageuka.

Tulipita soko. Karibu na kona ya kwetu Sumaili akasimama, akaniuliza kama ilikuwa lazima kumpa yote, mwanamke tusiyemjua.

Nilimtazama, nikaona kwamba swali hilo nilikuwa nalo mimi pia tangu tulipotoka stesheni. Nikampita, nikaingia ndani kuwapikia watoto.