Mwati Haendi Buchani

Hirsi alikuwa amekwisha kuiacha Karurumo nyuma, kondoo kumi na wanne mbele yake, jua likimchoma upande wa kulia, aliposikia miguu ikimkimbilia. Mwaka ule wa 1955, katikati ya Hali ya Hatari, mtu akisikia miguu nyuma yake hageuki ovyo. Husimama kwanza akainua mikono, ndipo ageuke.

"Teremsha mikono, Msomali," sauti ya kike ikasema, ikihema. "Mimi bunduki nitoe wapi?"

Alikuwa mwanamke kijana, matope ya handaki yamempanda hadi magotini. Kila kijiji kipya kilikuwa na handaki lake, na wachimbaji ndio hao, wanawake. Jina lake Wawira. Alisema amepewa ruhusa ya kutafuta kuni tu, na kengele ikilia hayupo, atachapwa.

"Kondoo mmoja hapo si wako," alisema.

"Wote wangu. Nimenunua kwa mkuu wa kijiji chenu, hedimani Ireri. Pasi hii hapa: kondoo kumi na wanne, Karurumo mpaka Meru."

"Yule mwenye sikio la kulia lililokatwa kama mkia wa mbayuwayu. Yule ni ndoa yangu."

Hirsi akacheka. Miaka tisa alikuwa mchinjaji pale Majengo, Meru, na wauzaji walishamwambia kondoo ni mgonjwa, ni mzee, ni wa jirani. La ndoa hakuwa amelisikia.

"Basi mume wako ana manyoya mengi, mama."

"Mume wangu yuko kizuizini Manyani."

Cheko likamkauka Hirsi mdomoni. Wawira akamweleza upesi upesi, jicho lake likitazama jua. Watu wa Njiru, mumewe, walipoleta mahari, aliyetangulia alikuwa huyo kondoo jike ambaye hajazaa bado. Wao humwita mwati. Katika ukoo wao mwati hachinjwi wala hauzwi. Yeye au uzao wake ukiwapo, mwanamke ni mke wa mtu. Lakini walipohamishwa na kusukumwa kijijini, mifugo yote ilitiwa zizi moja chini ya homgadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, na Ireri akawa anachagua humo kama anayechuma mboga kwake.

"Na huyo alimchagua akijua," Wawira alisema. "Jumamosi ya wiki kesho karani anaandika kitabu cha kijiji, nani mke wa nani. Ireri anataka niandikwe sina mume, mdogo wake anichukue. Baba yangu amekufa. Waliokula mahari wametawanyika. Shahidi aliyebaki ni huyo, nawe unampeleka kwenye kisu."

Hirsi akajikuna ndevu. "Nikikurudishia, pale daraja la Thuci askari watahesabu kumi na watatu. Wataniuliza, wa kumi na nne wamekula watu gani msituni? Na wewe unajua wanavyouliza. Lete mwingine nibadilishe."

"Nitoe wapi? Nina jembe na mtoto."

Wakasimama hapo, hakuna wa kumlaumu mwenzake. Kisha Wawira akainama, akang'oa majani kando ya barabara, akamlisha yule kondoo nusu. Nusu nyingine akaifumbata ndani ya kiganja cha Hirsi.

"Basi nakuwekea. Nifugie. Mbolea ni yako, mnyama na uzao wake ni wangu."

"Yaani nimemnunua, halafu unaniwekea?"

"Ndiyo."

"Mama, mimi ni mchinjaji!"

"Ndiyo maana nakuomba mapema. Na siku ile uje useme." Akageuka mbio, akiokota vijiti njiani ili asirudi mikono mitupu.

Kule Thuci walihesabu, wakapata kumi na wanne. Siku ya nne Hirsi aliingia Majengo. Mkewe Timiro alimwona akiwafunga kumi na watatu nyuma ya bucha, mmoja akampeleka uani karibu na jiko.

"Huyo ni mgonjwa?"

"Huyo ni ndoa ya mtu." Akamsimulia, akitarajia mkewe acheke ili naye apate kucheka, jambo liishe.

Timiro hakucheka. "Wale ngamia wa kaka yako, baba yako aliuza hata mmoja?"

Kaka yake Hirsi aliuawa kisimani, ugomvi wa zamu ya kunywesha. Ukoo wa muuaji ulileta ngamia. Mpaka leo koo zile mbili hunywesha kisima kimoja.

"Hakuuza," Hirsi alisema.

"Nani aliwapatanisha wale? Ni maneno? Ngamia walikuja kwanza, watu wakawafuata."

"Lakini pasi ananipa Ireri. Nikifungua mdomo, soko la Karurumo limekwisha."

"Masoko ni mengi. Yule dada mume wake ni mmoja."

Jumamosi ile Hirsi alishuka kwenye lori Karurumo akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Meza ya karani ilikuwa mbele ya kituo cha homgadi, wazee wamekaa kwenye magogo, wanawake wamepanga foleni. Karani Mbaabu, kijana wa Meru mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa amefika kwa Wawira.

"Mume?"

"Hana," Ireri akajibu yeye. "Mahari yake iko wapi? Aionyeshe."

"Iko kwangu," Hirsi akasema kutoka nyuma.

Ireri akamtazama, akatabasamu polepole. "Ala! Msomali amekuwa mkwe wetu. Haya, niambie: kondoo yule ulimnunua kwangu, au hukumnunua?"

Hirsi akauona mtego. Akisema alinunua, mwati ameuzwa na ndoa imekufa. Akisema hakununua, basi ni mwizi aliyesafirisha mnyama wa watu. Uongo haukumjia, akasema lililokuwapo.

"Nilikupa pesa, ukapokea. Lakini mwenye kondoo ni huyu mama, naye hajauza. Alinikuta barabarani. Aling'oa majani, akamlisha kondoo nusu, nusu akanitia mkononi. Akasema mbolea yangu, uzao wake. Mimi sijui kwenu hiyo ni nini. Kondoo yuko uani kwa mke wangu, anakula vizuri kuliko mimi."

Wazee wakatazamana. Hivyo ndivyo watu wa ukoo ule walivyowekeana mifugo tangu zamani, na mtu wa Majengo asingeweza kuyabuni yale majani.

Wambeti, mama yake Njiru, alikuwa wa kwanza kusema. "Ireri, mbuzi wa baba yako waliofugwa na watu kule Kiambere, tulipowekeana kwa majani, kuna siku tuliambiwa si wa baba yako? Mahari ya mama yako ilitoka humo. Tuseme nawe umezaliwa njiani?"

Wanawake kwenye foleni wakaangua kicheko.

"Andika kondoo," Wambeti akamwambia karani.

"Mama, hapa kuna jina, umri, mume, watoto. Hakuna mahali pa kondoo."

"Sasa serikali yako inajuaje nani ni wa nani?"

Mbaabu akawatazama wazee, nao wakatikisa vichwa kukubali, mmoja mmoja. Akaandika: Wawira, mke wa Njiru. Kisha, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo: kondoo yuko Meru.

Ireri hakumpa Hirsi pasi nyingine. Hirsi akahamia masoko ya Maua, akapata kidogo kuliko zamani, akafa Majengo mwaka wa 1971. Timiro alifungua hoteli ya chai. Ireri aliondolewa uhedimani Hali ya Hatari ilipokwisha, akalima kahawa. Mdogo wake alioa mwanamke wa Runyenjes. Mbaabu aliacha ukarani, akawa mwalimu. Wambeti alifariki mwaka wa 1957, hakumwona mwanawe tena. Njiru alirudi mwaka uliofuata, mguu mmoja mbovu. Yeye na Wawira walipanda basi hadi Majengo. Mwati alikuwa amekufa kwa maradhi, ameacha majike matatu. Wakamwachia Timiro mmoja, wakaenda na wawili. Walizaa watoto wengine wanne.