Vidonge Ambavyo Havikutajwa

Maabara nzima walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Kazi yake kweli ilikuwa kukata. Vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa alivigandisha kwenye nta, akavikata vyembamba kuliko karatasi, akavilaza juu ya vioo na kuvitia rangi ili daktari avisome kwa hadubini. Lakini mdomo wake nao, jamani! Ulikata bila kunolewa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna bosi aliyepita pale bila kupashwa lake.

Jumatatu hiyo alikuwa na sababu. Mdogo wake wa mwisho, mwoka mikate, ambaye tangu mwaka jana tumbo lilikuwa linamsokota na kumkondesha, alikuwa amepangiwa upasuaji Alhamisi. Wala si wa kukatwa kidogo. Wangemtoa mfuko wote wa chakula, wauunganishe utumbo moja kwa moja na koo, na mtu wa miaka thelathini na nne abaki anahesabu matonge maisha yake yote.

"Haiwezekani!" Wembe alifoka peke yake. Akavua glavu, akazirusha kwenye ndoo ya taka na kuikosa. Hakuziokota.

Aliingia kwa daktari wa upasuaji bila kupiga hodi. Yule bwana alikuwa mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusafisha miwani kila anaposemeshwa vibaya.

"Unamtoa tumbo mdogo wangu kwa vipande viwili? Viwili tu, daktari! Nimevikata mimi, vilikuwa vidogo kama punje za mchele."

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai!"

Daktari akavua miwani. "Ni limfoma," alisema. "Saratani ya chembe za kinga, imeota kwenye ukuta wa tumbo. Ni ya nadra. Mara nyingi aina hii huchochewa na bakteria wanaoishi humo tumboni, na ukiwaua kwa antibiotiki, saratani nayo mara nyingi hunywea bila kisu. Lakini mdogo wako hana hao bakteria. Tumewatafuta kwenye vioo, hawapo. Tumepima choo, hawapo. Mashine ya mionzi, ambayo ingeichoma saratani bila kisu, imeharibika tangu mwezi wa pili, na tumbo limeanza kuvuja damu. Unataka nisubiri mpaka litoboke?"

"Mngetafuta vizuri mngewaona!"

"Vioo umevitia rangi wewe mwenyewe, dada."

Hapo alimshika pabaya. Wembe alitoka akaubamiza mlango hadi kalenda ya ukutani ikaanguka.

Akarudi kwenye chumba chake, akachukua kile kibonge cha nta chenye nyama ya mdogo wake na kukikata upya, na kwa hasira akaharibu vipande vinne kabla ya kupata kimoja cha maana. Alikitia rangi, akakipeleka kwa Mzee wa Hadubini. Huyu ndiye daktari aliyesoma vioo vyote vya hospitali ile, na ndiye peke yake aliyethubutu kumtania Wembe.

"Leo umemchinja nani?" mzee aliuliza.

"Soma, mzee. Sina utani."

Mzee alisoma kwa muda mrefu, akisogeza kioo kidogo kidogo. "Limfoma ipo, ile ile ya polepole. Wadudu siwaoni." Akainua kichwa, amekunja uso. "Lakini hii hainiingii akilini. Ugonjwa wa namna hii, halafu wadudu wasiwepo kabisa? Huyu kijana hakuwa anameza vile vidonge vya kupunguza asidi? Maana vile vinawafifisha. Wanakuwepo, lakini wachache, wamejificha, na vipimo vinakuja safi. Lazima mtu aviache wiki mbili, ndipo apimwe."

Wembe alikichomoa kioo chini ya hadubini.

"Hapana," alisema. "Kwenye faili wameandika hatumii dawa yoyote."

Na kweli faili liliandikwa hivyo. Aliyefanya liandikwe hivyo ni yeye. Mwaka jana mdogo wake alipoanza kulalamika, Wembe alikata kauli bila kumwuliza mtu: vidonda vya tumbo hivyo, vya nini kupanga foleni? Alikuwa na shoga yake kwenye dirisha la dawa, na kila mwezi alitoka pale na kopo la vidonge chini ya koti, bila karatasi ya daktari. Akamwonya mdogo wake: "Ukiulizwa, sema huli dawa. Wakijua ninavitoa pale, mimi na shoga yangu hatuna kazi." Kukata nyama alijua. Kwamba kidonge cha kumtuliza mtu kinaweza kumfichia ugonjwa, hilo hakulijua, na hakumwuliza yeyote kwa kuwa hakutaka yeyote ajue.

Jioni alifika kwa mdogo wake akihema. Mgonjwa alikuwa kwenye kiti, amejikunja, ameegemeza mto tumboni. Mkewe alikuwa anapanga nguo za hospitali kwenye begi, na juu ya nguo, mahali pa kuonekana na kila mtu, lilikaa lile kopo.

"Nimemfungia na vidonge vyake, wifi," mke alisema. "Asije akavikosa wodini."

"Bado anavimeza? Na wewe umekaa kimya tu! Mdomo umepewa wa nini?"

Wifi yake alikuwa amemvumilia miaka minane. Siku hiyo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alilitupa taulo alilokuwa analikunja.

"Usinipandishie sauti! Vidonge umeleta wewe. Siri umeiweka wewe. Juzi tu umenifokea kwamba simwangalizii vidonge vyake. Sasa leo kosa langu? Haya, niambie, kosa langu ni lipi?"

Wembe akamgeukia mdogo wake. "Na wewe! Daktari amekuuliza, hukusema!"

"Ameniuliza mara mbili, dada," mdogo wake alisema taratibu. "Mara ya pili nikakutazama. Ukanikazia macho."

Alikumbuka. Alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda, na alikaza macho kweli. Siku nzima alikuwa amegombana na watu wasio na kosa, na sasa hakubaki wa kugombana naye. Alichukua lile kopo, akaenda kulimwaga chooni, akavuta maji mara tatu, akilia kwa hasira na kujitukana matusi ambayo hajawahi kumtukana mtu.

Jumanne asubuhi alipiga hodi kwa daktari wa upasuaji. Alisimama, akaeleza yote. Kuhusu dirisha la dawa alisema kwamba aliyechukua ni yeye, basi.

Yule mpole hakusafisha miwani. Aliitupa mezani.

"Ungeniacha nimkate? Jana umenivunjia heshima hapa, umenifanya mzembe mbele ya korido nzima, na jibu lilikuwa kwenye koti lako? Ungeniacha nimtoe mtu tumbo ili wewe ubaki na kazi?"

"Jana mzee aliniuliza, nikadanganya," Wembe alisema. "Kwa hiyo jana, ndiyo, ningekuacha. Leo nimekuja. Niandikie unachotaka, lakini Alhamisi usimguse."

Daktari alilifuta jina kwenye orodha kwa kalamu iliyotoboa karatasi. Barua ya Wembe kuitwa mbele ya kamati ilitoka siku hiyo hiyo.

Wiki mbili bila vidonge zilikuwa za mateso. Mdogo wake alilala wodini, akitiwa damu, akijinyonganyonga na kuuma shuka, na Wembe alikaa kando akimkasirikia Mungu, hospitali, na zaidi ya wote yule mwanamke aliyemwona kwenye kioo cha bafuni. Kisha daktari alishusha tena kamera tumboni, safari hii akachukua vipande kumi na viwili. Vilikuwa vya mwisho Wembe kuvikata kabla ya kamati kukaa. Hakuharibu hata kimoja.

Mzee wa Hadubini alimwita. "Njoo uwatazame wenyeji wako."

Walikuwapo, wengi, vijiti vilivyopinda vimejazana kwenye ute.

"Washenzi nyie!" Wembe aliwaambia, na mzee hakucheka.

Kupona hakukuwa na uhakika. Antibiotiki siku kumi na nne, kisha kamera baada ya miezi mitatu, na nyingine tena, ndipo wangejua kama limfoma inanywea. Lakini mdogo wake alikuwa bado na tumbo lake.

Siku hiyo dawa zilitoka dirishani kwa karatasi yenye mhuri. Mdogo wake alizipanga juu ya blanketi, akazitazama, kisha akamtazama dada yake. Hakuwa anatania.

"Dada, na hizi nikiulizwa, niseme?"

Wembe alitamani kumzaba kibao, na alitamani kupiga magoti. Alimmiminia maji kwenye glasi.

"Sema," alisema. "Mwambie kila atakayekuuliza. Na zile za kwanza pia, sema ni nani aliyekupa."